Draiva ya Waifai na Keneli ya Linux: Tulivyokipatia Mtandao Chumba Chetu cha Kompyuta



Katika toleo hili tumeombwa kueleza jambo ambalo wengi wenu mliliona likifanyika lakini hamkupata nafasi ya kuuliza: kwa nini mwaka 2022 ilituchukua zaidi ya mwezi mzima kuzipatia mtandao kompyuta sita za chumba cha nyuma, ilhali ruta ilikuwa ofisini inawaka taa zote, na simu za walimu zilikuwa zinashika vizuri tu pale uani. Wako waliosema kompyuta ni mbovu. Wako waliosema walimu hawajui. Hili la pili lilikuwa na ukweli kiasi, nasi hatuoni haya kulieleza hapa.

Kwanza tukumbushane kwa nini tulihangaika. Mwanzoni mwa mwaka ule kijana mmoja wa darasa letu la jioni alikuwa amepata matokeo yake ya kidato cha nne, na alitaka kubadilisha tahasusi. Mnajua kwamba siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mtandao, na huwa na siku yake ya mwisho. Yeye hakuwa na simu ya kufaa. Akawa anakwenda steshenari mjini, anakuta foleni, anarudi. Siku ya mwisho alikuta pamefungwa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Akapangiwa masomo asiyoyataka. Sisi walimu wake tulikuwa na kompyuta sita zimefunikwa kitambaa, mita chache kutoka pale alipokuwa akikaa kusoma. Jambo lile lilituuma.

Kompyuta zenyewe mnazifahamu. Ni za mezani, tulizipata kwa msaada, zina kumbukumbu ya GB 2 kila moja, na zilikuja na Windows 7 ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia Januari 2020. Ndiyo maana tuliziwekea Linux ya aina ya Debian, ambayo haina bei na haizielemei mashine za zamani. Lakini kompyuta za mezani za namna hii aghalabu hazina waifai ndani yake. Waya wa kutoka ofisini tulikwisha kuujaribu zamani. Ulipita juu ya uwanja, ukapigwa na jua la kaskazi na mvua ya masika, na baada ya muda vile vidole vya shaba vya kwenye kichwa chake vikaota kutu ya kijani. Anayekaa Tanga anajua hewa ya chumvi inavyofanya hata kwa bati la nyumba. Tukaamua basi kununua adapta mbili ndogo za waifai za kuchomeka kwenye USB, moja ya kazi na moja ya akiba.

Tulichomeka ya kwanza tukingoja mtandao utokee. Haukutokea.

KENELI NA DRAIVA NI NINI?

Tulipoanza kueleza darasani kwamba "draiva haijakaa sawa", mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu akauliza: "Ustadhi, dereva yuko wapi?" Wenzake wakacheka, lakini swali lake halikuwa baya. Neno ni lilelile. Dereva wa daladala anajua gari lake, gia yake inavyong'ang'ania na breki zake zinavyoshika. Abiria hahitaji kuyajua hayo, yeye husema tu "shusha Makorora". Draiva ya kompyuta nayo ni programu inayokijua kifaa kimoja undani, ili programu nyingine zisihitaji kukijua.

Keneli ndiyo kiini cha mfumo mzima. Ni programu inayowaka mapema kompyuta inapowashwa na haizimiki mpaka kompyuta izimwe. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu, na ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuzungumza na vifaa moja kwa moja. Keneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na leo inaandikwa na maelfu ya watu duniani.

Wazee wenu watawaambia habari za bandari yetu ya Tanga. Kwa miaka mingi gati lilikuwa na kina kifupi, hivyo meli kubwa zilitia nanga nje, na shehena ikashushwa kwenye matishari yaliyokokotwa hadi gatini. Mambo yalibadilika kwa maboresho ya miaka ya karibuni, kina kilipochimbwa kufikia mita 13. Zamani zile mtu aliyesimama Raskazone aliweza kuiona meli kwa macho yake, akahesabu na bendera zake, lakini bila tishari hata gunia moja lisingefika nchi kavu. Adapta yetu ilikuwa ni meli ya namna hiyo. Kompyuta iliiona, tena iliitaja. Tishari ndilo lililokosekana.

Hili mtalithibitisha wenyewe. Fungueni terminali mwandike:

lsusb

Kompyuta itaorodhesha kila kilichochomekwa kwenye USB. Adapta yetu ya kwanza ilijitokeza na namba 0cf3:9271. Nusu ya kwanza ni namba ya kampuni, nusu ya pili ni namba ya kifaa. Namba hii ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi, na tutaeleza hapo mbele kwa nini tunasema hivyo. 0cf3:9271 ni chipu ya Atheros iitwayo AR9271, na draiva yake ndani ya Linux inaitwa ath9k_htc.

Kisha andikeni:

ip link

Hapa ndipo mngeona jina la njia ya waifai, mara nyingi huanza na herufi "wl". Sisi tuliona "lo" na njia ya waya tu. Meli ipo, mzigo haupo.

KOSA LETU

Keneli inayokuja na Debian ina draiva karibu zote zinazojulikana. Nyingi zake haziko ndani ya keneli yenyewe, zimewekwa pembeni kama vipande vinavyoitwa moduli, na kila kifaa kinapochomekwa moduli yake huitwa. Kwa hiyo mtu wa kawaida hana haja ya kugusa chochote. Mbona basi sisi tulikwama?

Tulikwama kwa sababu tulikuwa tumejitengenezea keneli yetu. Tulisoma mahali kwamba keneli ikipunguzwa huwa nyepesi, na kwa kuwa kompyuta zetu ni dhaifu tukaona ni busara. Ukweli ni kwamba faida yake ilikuwa ndogo mno, maana moduli isiyotumika haipakiwi kwenye kumbukumbu, hukaa kwenye diski tu. Tulitaka kujifunza, na kidogo tulitaka kujionyesha pia.

Msimbo wa keneli ukishaupata, kuna njia ya mkato ya kuupunguza:

make localmodconfig

Amri hii hutazama moduli zinazotumika kwenye kompyuta kwa wakati ule ule, kisha hukata zilizobaki. Ni amri nzuri, lakini ina mtego: kifaa kisichochomekwa saa hiyo huhesabiwa kuwa hakipo, na draiva yake hukatwa. Siku ile adapta ilikuwa imeazimwa na karani kwa ajili ya laptopu yake ofisini. Tukaanza kuunda keneli baada ya Isha, kompyuta ikanguruma usiku kucha. Umeme ulikatika mara moja, lakini amri ya make ikirudiwa huendelea na yale yaliyosalia, haianzi moja. Asubuhi tulikuwa na keneli mpya, nyembamba, isiyo na waifai. Tukaisifu.

Adapta iliporudi ndipo tukaona tulichokifanya. Tulipotazama taarifa za keneli kwa amri ya dmesg, tulikuta imeandika kwamba kifaa kipya cha USB kimepatikana, na namba zake, basi. Hakuna mstari wa kusema nani amekipokea.

Twaomba mlishike hili kabla ya yote: mkiweka keneli mpya, msiifute ya zamani. Kompyuta inapowaka kuna menyu ya kuchagua keneli. Kama tungefuta ile ya Debian tungebaki na kompyuta isiyo na pa kurudi.

Y, M NA N

Ili kuirudisha draiva iliyokatwa, tuliandika:

make menuconfig

Hufunguka menyu ndefu yenye maelfu ya machaguo. Mengi yana majibu mawili au matatu. "y" maana yake kijengwe ndani ya keneli moja kwa moja. "m" kiwe moduli pembeni. "n" kisiwepo. Machaguo yote huandikwa kwenye faili moja iitwayo .config, na mnaweza kulisoma kama daftari. Kwa keneli iliyokwisha kuwekwa, faili hilo hukaa kwenye /boot, hivyo mtu akitaka kujua kama draiva yake ipo huandika:

grep ATH9K_HTC /boot/config-$(uname -r)

Likitoka CONFIG_ATH9K_HTC=m, mambo ni mazuri. Sisi tuliambiwa haikuwekwa.

Tukaingia kwenye menyu ya draiva za vifaa, tukashuka kwenye vifaa vya mtandao, tukashuka tena kwenye waifai, tukafika kwa Atheros. Jina la ath9k_htc halikuwepo! Si kwamba lilikuwa na "n". Halikuwepo kabisa. Siku mbili zilipita tukidhani tumepakua msimbo wenye kasoro, tukapakua mwingine kwa simu, bando zima likaisha.

Jibu lilikuwa ndani ya menyu ileile. Ukibonyeza alama ya mkwaju (/) unapata mahali pa kutafuta. Tukaandika ATH9K_HTC, ikaja orodha ya vitu ambavyo draiva hii inavitegemea, na mbele ya kila kimoja hali yake: USB ni y, na MAC80211 ni n. Kumbe menyu huficha chaguo lolote ambalo msingi wake haujawekwa. Na ile amri yetu ya kupunguza ilikuwa imekata msingi pamoja na draiva.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wengi hukwama hapa. Waifai ndani ya Linux haiko sehemu moja, iko kwa ngazi. Chini kabisa ipo draiva ya chipu, kama ath9k_htc. Juu yake ipo mac80211, inayofanya kazi ambazo chipu nyingi za waifai zinashirikiana: kutafuta ruta, kujiunga, na kupanga vifurushi. Hii iliingizwa kwenye Linux mwaka 2007, na kabla yake draiva nyingi zilikuwa zikijitengenezea kazi hizo upya. Juu ya hiyo ipo cfg80211, ambayo hupokea maagizo kutoka kwa programu zetu na kushika sheria za masafa. Ukitaka ath9k_htc ni lazima mac80211 iwepo, na ukitaka mac80211 ni lazima cfg80211 iwepo. Mbili hizi haziko kwenye menyu ya vifaa, ziko kwenye menyu ya mtandao, upande mwingine kabisa. Tulipozipa "m" zote mbili na kurudi kwa Atheros, jina lilikuwa limejitokeza. Tukalipa "m" nalo.

Mtauliza kwa nini "m" wala si "y". Jibu lake linatupeleka kwenye jambo jingine.

FEMUWEA

Tuliunda keneli upya, tukawasha, tukachomeka. Sasa dmesg ilisema maneno zaidi: draiva imeamka, imeomba faili liitwalo htc_9271-1.4.0.fw, na imeshindwa kwa kosa namba -2. Namba hiyo kwenye Linux maana yake ni faili halipo.

Chipu ya AR9271 ina kikompyuta chake ndani, lakini haina kumbukumbu ya kudumu ya kuhifadhia programu yake. Kila inapochomekwa huamka mikono mitupu, na draiva ndiyo huipelekea programu hiyo kutoka kwenye diski. Programu hii ndiyo femuwea. Ya chipu hii ni ndogo, kilobaiti 50 hivi, chini ya picha moja ya simu. Hukaa kwenye /lib/firmware.

Ndiyo sababu ya "m". Draiva iliyojengwa ndani kwa "y" inaweza kuamka mapema kabla diski haijafunguliwa, ikaomba femuwea na kuikosa, ingawa faili lipo. Ikiwa moduli huitwa baadaye, diski ikiwa tayari. Wapo wanaopenda kila kitu kiwe "y" na wanazo njia zao za kulifunga faili ndani ya keneli. Kwa anayeanza, hiyo ni taabu ya bure.

Femuwea ilikuwa ndani ya pakiti ya Debian, na pakiti iko kwenye mtandao, na mtandao ndio tunaoutafuta! Hapo tulicheka kidogo. Tuliipakua kwenye kompyuta ya ofisini, tukaibeba kwa flashi kupita uwanjani. Baadaye mmoja wetu alikumbuka kwamba simu ya kawaida ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa mtandao, Linux huiona kama njia ya waya, haihitaji draiva ya waifai. Tungelijua hilo mapema tusingetembea. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, femuwea za namna hii zimo ndani ya diski ya kuwekea mfumo yenyewe, hivyo anayeanza leo huenda asikutane na shida hii hata kidogo.

Tukaandika modprobe ath9k_htc, na taa ya kijani ya adapta ikawaka. Waliokuwepo wanakumbuka kelele zilizotoka chumbani.

ADAPTA YA PILI

Sasa turudi kwenye ile habari ya namba na boksi. Adapta zetu mbili zilinunuliwa duka moja, siku moja, boksi moja, jina moja la modeli. Ya pili tulipoichomeka haikuwaka. lsusb ikatoa namba nyingine kabisa: ndani yake mlikuwa na chipu ya RTL8188EUS badala ya AR9271. Mtengenezaji alibadilisha moyo wa kifaa akaacha gamba lilelile, na dalili pekee ilikuwa herufi ndogo ya toleo kwenye kibandiko cha nyuma. Hatutataja jina, na jambo hili si la kampuni moja. Muuzaji naye hakuwa na kosa, hata yeye hakujua.

Draiva ya chipu hiyo wakati ule ilikuwa bado katika sehemu ya keneli iitwayo staging, ambako huwekwa msimbo uliokubaliwa lakini haujakomaa. Kwetu ilishika na kuachia, ikashika na kuachia. Tukaiweka kwenye droo. Mwaka 2023 kazi yake ilihamishiwa kwenye draiva iliyo bora zaidi, rtl8xxxu, inayotumia mac80211 kama wenzake. Sisi hatukufanya lolote, tulingoja tu keneli mpya.

Mnaweza kushangaa kwamba kifaa kilichokataa hurekebishika chenyewe kikiwa ndani ya droo. Sababu ni kwamba msimbo wa draiva uko wazi, na mtu aliye popote anaweza kuusahihisha. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni nyingi za chipu za waifai zilikataa kutoa maelezo ya vifaa vyao. Watu wa Linux wakatumia ndiswrapper, iliyoichukua draiva ya Windows na kuilazimisha kufanya kazi ndani ya Linux, kama kumvalisha mtu kanzu ya mwenzake. Kwa chipu za Broadcom kikundi kimoja kilichunguza draiva iliyofungwa na kuandika maelezo tu, kisha kikundi kingine, ambacho hakikuiona draiva ile, kikaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo, ili asitokee wa kudai kwamba wamenakili. Draiva hiyo, b43, iliingia kwenye keneli mwanzoni mwa 2008. Mwaka huohuo Atheros wenyewe walitoa ath9k wazi, na mwaka 2013 hata femuwea ya chipu yetu ya AR9271 ikatolewa msimbo wake.

Zama zile na huku kwetu watu hawakulala. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilibidi kwanza waafikiane maneno. Nasi tulipokuwa tukiandika makala hii tulijikuta katika kazi hiyohiyo, na pengine "femuwea" haitawafurahisha walimu wa lugha. Anayelo bora zaidi alilete.

NCHI NA MASAFA

Kazi ilikuwa haijaisha. Adapta iliziona ruta za majirani, ya kwetu haikuiona. Sababu ni kwamba mawimbi ya redio yana sheria, na kila nchi ina zake. Huku kwetu msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Waifai ya 2.4 GHz inaruhusiwa chaneli 1 mpaka 13, lakini vifaa vinavyofuata kanuni za Marekani huishia 11. Ruta yetu ilikuwa imejichagulia chaneli ya 13, na kompyuta yetu ilikuwa imepangwa kwa Marekani tulipokuwa tukiweka mfumo bila kusoma maswali vizuri. Kutazama ni:

iw reg get

Na kupanga ni:

iw reg set TZ

Tangu 2018 keneli husoma jedwali la nchi zote kutoka faili moja liitwalo regulatory.db, nalo hukaa palepale /lib/firmware. Hata baada ya kupanga nchi, baadhi ya adapta hushikilia kanuni zilizochomwa ndani yake kiwandani, na keneli haitazivunja. Kwa hiyo tulifanya na jambo rahisi zaidi, tukaihamisha ruta kwenye chaneli ya 6. Ikaonekana papo hapo.

Kulikuwa na ukuta pia. Chumba cha nyuma ni cha zamani, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia dhiraa moja. Ukuta kama huo hula mawimbi, na hakuna draiva itakayoutoboa. Tuliiunganisha adapta kwa waya wa USB wa mita tatu, tukaining'iniza dirishani upande wa uwanja. Mkinunua waya wa namna hiyo msipite mita tano, zaidi ya hapo USB ya kawaida hudhoofika.

Kompyuta iliyo karibu na dirisha ndiyo yenye adapta, nayo huzigawia nyingine tano kwa swichi na waya fupi za ndani ya chumba, ambako chumvi haifiki sana. Ile keneli yetu nyembamba tuliitumia mwaka mmoja hivi. Kila yalipotoka masahihisho ya usalama ilitubidi kuiunda upya usiku mzima, tukachoka, tukarudi kwenye ya Debian. Mtu akituuliza leo kama aunde keneli yake mwenyewe, tunamwambia aunde mara moja ili aone ilivyo, kisha atumie ile aliyopewa.

Msimu wa tahasusi wa mwaka uliofuata vijana kumi na mmoja walikaa kwenye kompyuta zile, wengine si wanafunzi wetu, ni wa mtaani. Yule kijana wa mwanzo naye alikuja, kumsaidia mdogo wake.

Adapta ya pili bado iko kwenye droo ya meza ya ofisi, na haijajaribiwa na keneli mpya. Tumeiacha makusudi. Atakayetaka kuijaribu aje siku ya Alhamisi baada ya Alasiri na daftari, aandike kwanza namba ya lsusb, halafu atuambie dmesg imesema nini.